Mbwa Aliyejua Kamata

Constance alikuwa mwanamke wa hasira, na pale Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, hakuna aliyelificha jambo hilo, wala yeye mwenyewe. Aligombana na wauza mkaa. Aligombana na wanakwaya waliochelewa mazoezi. Aligombana na mumewe Grégoire kwa sababu alikoroma usiku, na asubuhi kwa sababu alikana kwamba alikoroma. Ni kiumbe kimoja tu katika nyumba ile ya udongo ambacho hakikuwahi kufokewa, nacho kilikuwa mbwa wake wa rangi ya kahawia aliyeitwa Pardon, neno la Kifaransa la kuomba radhi. Siku ya kwanza alipomwita aje, “Pardon, kuya,” jirani yake Mukamurenzi alitoka mbio jikoni akidhani Constance hatimaye anamwomba mtu msamaha.

Mbwa wa kambini walilelewa kwa mawe. Watoto waliwatupia, wakubwa nao waliwaita kwa sauti tamu, kisha wakawachapa kwa fimbo kwa sababu ya sufuria iliyolambwa tangu asubuhi. Jambo hilo lilimchemsha damu Constance kuliko mengine yote.

“Munaita imbwa, inakuya, munaipiga,” aliwaambia majirani. “Kesho munaiita tena, inakimbia, munasema haina akili. Sasa nani hana akili hapo?”

Walimcheka. Yeye hakucheka. Baba yake, kule Lemera, Kongo, kabla vita haijawatawanya, alifuga mbwa wa kuwindia, na ndiye aliyemweleza kwamba mbwa hajui maneno. Anajua sauti na kile kinachofuata baada ya sauti. Basi Constance alichagua sauti chache na kila moja akaipa kazi yake. Alishika dagaa mmoja juu ya pua ya Pardon mpaka makalio yakashuka chini yenyewe, akasema “ikala,” na dagaa akatolewa papo hapo. Papo hapo, alisisitiza, kwa sababu ukichelewa kidogo mbwa atadhani umemlipa kwa kujikuna. Alimfundisha asubuhi, muda mfupi tu, kabla ya uji na kabla hasira zake hazijaamka. Akijisikia moto unapanda kooni, aliacha, akaenda kumtafuta binadamu wa kugombana naye.

Grégoire ndiye aliyemharibia kazi. Leo alisema “kaa,” kesho “ikala,” na Jumapili akitoka kanisani alisema “assis” ya Kifaransa, mbwa akabaki anamtazama mdomo.

“Weye unataka imbwa yangu ikuwe na diploma?” Constance alimuuliza. “Neno moja, Grégoire. Moja. Kama haliwezi kukaa mu kichwa yako, nyamaza.”

Kulikuwa na neno jingine ambalo hata hakulichagua, lilimtoka tu. Hakupenda mbwa wa kupokonya, kwa hiyo Pardon alipaswa kukaa mbele ya mkono na kungoja mpaka aambiwe “kamata.” Hapo ndipo aliponyoosha shingo na kuchukua kwa midomo, taratibu, asiguse kidole kwa jino. Kwao mtu akimpa mwenzake kitu chochote, sahani ya fufu, mtoto wa kubeba, Biblia, humwambia kamata. Na ili mbwa asiwaogope watu, Constance alimtaka kila mgeni aliyeingia uani ampe kipande kidogo na kulisema neno lile. Wachungaji walilisema, wanakwaya walilisema. Pardon akawa anaamini kila mkono duniani.

Mwaka 2011 mdogo wake Constance, Nestor, alipata kazi ya ulinzi Mbarara, mtaa wa Ruti, kwenye ua wa kuuzia mabati na saruji. Mwenye ua, Kabanda, alikuwa mwanajeshi mstaafu, na alisema wazi kwamba mlinzi asiye na mbwa hamtaki. Constance alikataa, akafoka, akalia, kisha akakubali, maana kambini Nestor alikuwa hana kitu isipokuwa mihogo yake iliyokauka. Alimpeleka mbwa mwenyewe. Alishinda pale uani akimkaririsha Nestor maneno, na kumwonya kwamba asimwite Pardon kamwe kama nia yake ni kumpiga. Jioni Kabanda akatokea, akamtazama mbwa meno.

“Nyabo, hii mbwa najua kamata?” alimuuliza Constance kwa heshima.

“Anajua, afande. Anajua kamata kupita zote.”

Kabanda alifurahi, akampiga Nestor begani na kurudi dukani kwa wateja wake. Hakuna aliyesema tuone. Mtu aliyemaliza ujana wake kambi za jeshi, kwake kamata ilikuwa na maana moja tu: mshike mtu mguu mpaka amwite mama yake. Nestor naye alitaka kazi, na mtu anayetaka kazi haulizi maswali.

Asubuhi moja simu ya Nestor ilipoita, Constance alikuwa Nakivale anapepeta maharage.

“Yaya, kuya mbio,” mdogo wake alimwita dada yake kwa sauti ya chini. “Banasema mi niko pamoja na bezi.”

Mabati yalikuwa yameibwa alfajiri. Nestor alimwona mwizi ukutani, akafanya alivyoagizwa na Kabanda, akapaza sauti: “Kamata!” Pardon akatimka, akamfikia mwizi, akakaa mbele yake na kumnyooshea shingo. Mwizi alimpapasa kichwa, akajitwika mabati, akaenda zake. Mwanamke wa nyumba ya pili aliona yote dirishani, na asubuhi alimwambia Kabanda kwamba yule mwizi na yule mbwa wanajuana. Kabanda alimfungia Nestor uani na kumpa mpaka jioni awataje wenzake, la sivyo ampeleke polisi. Mkimbizi akiingia mahabusu kwa wizi, ni nani wa kumtetea? Constance aliliwaza hilo njia nzima, na kila alipoliwaza alizidi kuwaka.

Alimkuta Nestor ameketi juu ya mifuko ya saruji, macho chini. Pardon alikuwa amefungwa nguzoni kwa waya, mbavu zimevimba. Mtu alikuwa amemchapa sawasawa. Constance alitamani kumrukia Kabanda, mwili wake mkubwa na kofia yake, mbele ya wapakiaji wake wote.

“Mbwa yako nasalimia mwizi,” Kabanda alisema. “Mimi iko na shahidi. Kijana nasema kamata, mbwa nakwenda, nakaa chini, nanusa mukono ya mwizi kama rafiki. Hiyo watu najuana.”

Hapo ndipo Constance aliposikia. Kamata na mwizi, katika mdomo mmoja. Hasira haikumtoka, lakini ilipata njia.

“Afande,” alisema, “weye imbwa hii unajuana nayo?”

“Mimi? Mimi napiga yeye leo.”

“Basi nyoosha mukono. Usishike kitu. Muambie lile neno.”

Alimfungua mbwa waya. Kabanda hakutaka, lakini wapakiaji walikuwa wameacha kazi na wanamtazama, na mwanajeshi haogopi mbwa mbele ya vibarua. Akanyoosha mkono mtupu.

“Kamata,” alisema.

Pardon alimwendea yule aliyemvimbisha mbavu, akichechemea, mkia katikati ya miguu. Akakaa. Akanyoosha shingo, akaweka midomo yake kwenye kiganja cha Kabanda na kutafuta chakula, taratibu, asiguse kidole kwa jino. Wapakiaji wawili waliangua kicheko, kisha wakanyamaza, maana haikuwa ya kuchekesha.

“Kwenu kamata ni chakula?” Kabanda aliuliza.

“Kwetu ukimupa mutu kitu, unamuambia kamata. Chumvi, kamata. Mutoto, kamata. Nani angejua nyinyi hapa munafunga nayo bantu?”

Kabanda aliupangusa mkono wake kwenye suruali. Hakusema pole. Hakumtazama hata Nestor.

“Kijana, kwenda,” alisema. “Polisi hapana. Lakini mimi nataka mbwa ya kuuma, na mutu ya kujua Kiswahili.”

Mtu ya kujua Kiswahili! Na anayesema hivyo ni yule wa “mbwa yako nasalimia.” Constance alimeza tusi kwa sababu mlango ulikuwa wazi na mdogo wake alikuwa anatoka.

Walitembea kando ya barabara ya Kabale kuelekea mjini, mbwa nyuma yao. Mwishowe Nestor ndiye aliyelipuka, yule mpole.

“Ungemufundisha neno lingine, yaya. Lolote. Sasa kazi imekwisha juu ya kamata yako.”

Constance alikata kuingia kando ya barabara. Alisimama kwa mkaanga chapati, akanunua mbili. Mdogo wake alikuwa hajala tangu jana. Alimnyooshea moja, na neno lilikuwa tayari ulimini, lile lile alilomwambia tangu akiwa mtoto wa kutambaa, alipokuwa akimpa kiazi cha moto. Likakwama.

“Chukua,” alisema.

Nestor alichukua. Wote wawili walikuwa wamesikia. Constance akakasirika kuliko alivyokasirika siku nzima, na safari hii hakuona mtu wa kumfokea.