Tufaha la Aubin

Mume wangu Aubin hakumwamini mtu. Aliuza nyama hapa kijijini, nje kidogo ya mji wa Beaune, Ufaransa, tangu ujana mpaka mgongo ulipomshinda, na alikuwa akisema muuza nyama anajua vizuri kidole gumba kinavyolala kwenye mizani. Mkate ukija, lazima aubonyeze. Daktari akimwambia moyo wake mzima, anauliza, "Mzima kwa faida ya nani?" Siku ya harusi yetu alimuuliza padri kama cheti kile ni halali! Mimi nikacheka. Baadaye kicheko kilinikauka.

Akazaliwa Lison, mjukuu wetu wa pekee. Kwetu babu hununua mvinyo wa mwaka aliozaliwa mtoto, ukalazwa ghalani chini ya nyumba, ukafunguliwa mtoto anapotimiza miaka ishirini. Aubin alikuwa anakaribia sabini.

"Labda sitakuwepo," akaniambia. "Mvinyo utakuwepo. Atajua nilimfikiria."

Yeye si mtu wa maneno hayo. Nikajua jambo hili kalibeba moyoni.

Shida ni kwamba mwaka ule ulikuwa wa balaa. Mvua ya mawe ilipiga kiangazi, kisha mvua nyingine ikanyesha wakati wa kuvuna, zabibu zikaota ukungu. Mvinyo ulipokuwa tayari kuonjwa kutoka kwenye pipa, Lison kashaanza kutembea. Tukaenda kwa Colombe Jacquelin, shoga yangu tangu shule, mjane mwenye mizabibu nyuma ya kanisa. Alikuwa ameandaa maandazi madogo ya jibini, ya moto kabisa. Nikanyoosha mkono. Aubin akaupiga.

"Acha! Jibini huficha kila kasoro ya mvinyo. Umemwona nani akiuza bila jibini?"

Akachomoa tufaha la kijani mfukoni. Ndivyo wanunuzi wa zamani walivyofanya huku: unang'ata tufaha kali kwanza, na mvinyo wenye ila hujianika wenyewe.

Colombe akacheka. "Shemeji, nimepika kwa sababu mna njaa."

"Tutakula biashara ikiisha."

Colombe akachota mvinyo pipani. Aubin akang'ata, akanywa, akafumba macho. Alipoyafumbua nusura atabasamu.

"Mtamu! Hata juu ya tufaha!"

"Mtamu leo," Colombe akasema. "Shemeji, nikwambie ukweli. Huu unywe mapema, na kuku wako, na watu wako. Umelowa mvua, hauna nguvu ya kulala miaka ishirini. Chukua wa mwaka uliotangulia, ule mgumu unaouma ulimi. Huo utafika. Na Lison alikuwa tumboni tayari."

Aubin akamtazama Colombe juu mpaka chini. Jicho lile nalijua: hapo kuna mtu anahukumiwa.

"Unawawekea akina nani?" akauliza.

"Nini?"

"Huu mzuri. Matajiri wa Paris, au wageni wanaokuja na magari meusi? Muuzaji anakataa kuuza, eti kwa huruma! Na ule uliokudodea ndio unitupie mimi."

"Aubin!" nikafoka. "Huyu ni Colombe!"

"Ndiyo maana. Rafiki ndiye anayejua pa kukudanganyia."

Loo, aibu iliyonishika! Colombe akanitazama, akainua mabega. "Haya. Asiyesikia la mkuu..." Hakumalizia. Akamuuzia.

Tangu siku hiyo ufunguo wa ghala ulining'inia shingoni mwa Aubin. Hata mimi hakunipa. Alishuka kupapasa vizibo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kila mwaka mpya Colombe alimuuliza, "Hujaufungua tu, shemeji? Ufungue, jamani." Tukifika nyumbani Aubin ananiambia, "Unaona? Bado anautaka!"

Lison akatimiza ishirini, na Aubin, ambaye moyo wake kweli ulikuwa mzima, alikuwepo. Alisimama kwa mkongojo akafungua chupa mwenyewe. Colombe alikuja na sahani yake ileile ya maandazi. Mvinyo ukatoka na rangi ya chai iliyolala. Nikanusa: siki na majani yaliyooza. Roho ikaniuma. Colombe akanusa, akaiweka glasi yake mezani taratibu, na hakusema neno. Kwa hilo nitamshukuru mpaka kaburini.

Tufaha halikuwepo, meno yalishakwisha. Aubin akaonja. Uso ukamsawijika, akawa mzee ghafla, mbele yetu sote.

Lison alikuwa anamtazama. Akainua glasi yake, akainywa yote mpaka tone la mwisho.

"Babu, mtamu."

Nikangoja. Huyu ndiye aliyemhoji padri madhabahuni! Akamkazia macho yule binti, kwa muda mrefu, na mimi nikashika ukingo wa meza.

"Kweli?"

"Kweli, babu. Niongezee."

Akammiminia. Alijua. Ulimi ule haukuwahi kupotea, na macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Basi nimeamini," akasema.

Colombe akamsogezea sahani ya maandazi ya jibini. Aubin akachukua moja, akalila lote, ndipo akainua tena glasi yake.