Kichwa cha Walubengo

Watu wa Maili Nne hawakubaliani juu ya lolote. Mchungaji akihubiri kwa muda mrefu amewachosha, akifupisha amewapunja. Barabara ikiwa na mashimo wanalalamika, ikirekebishwa wanalalamikia vumbi. Lakini kwa jambo moja walikuwa na sauti moja: kichwa cha Walubengo kilikuwa mali ya umma.

Mwenye kichwa hicho alikuwa fundi wa mjengo aliyetoka pande za Bungoma akiwa kijana, mtu mrefu, mpole, mwenye shingo nene kama kisiki. Alikuwa beki wa kati wa Maili Nne Kombaini kwa miaka mingi kuliko kocha yeyote aliyewahi kudumu pale. Mpira ukipanda juu, uwanja mzima ulinyamaza ukingoja mlio. Ukishasikika ule mlio wa paji la uso kukutana na ngozi ngumu, watu waliruka na kukumbatiana na watu wasiowajua. Walimpa jina la Nyundo. Hakuna aliyejiuliza nyundo huwa inajisikiaje ikifika nyumbani jioni.

Aliyejua ni mkewe, Kageha. Yeye alikuwa na kibanda cha chai na mandazi karibu na steji ya matatu, na kila Jumatatu alihudumiwa sifa za mumewe kabla hajahudumia mtu chai.

"Mama Brigid, mzee wako jana ametufurahisha kweli!"

"Asanteni," Kageha alisema, akimimina. Mzee mwenyewe aliyewafurahisha alikuwa bado amelala, blanketi limetundikwa dirishani, maana mwanga wa jua ulimwingia machoni kama pilipili.

Mambo yalianza Ainabkoi, katika uwanja ulioinama upande mmoja kana kwamba unataka kurudi nyumbani. Walubengo aliruka kuokoa kona, akauokoa mpira, akaugonga mlingoti wa goli kwa utosi. Akaanguka kama gunia la viazi. Kuria akakimbia na begi.

Kuria alikuwa daktari wa timu. Sifa zake za udaktari zilikuwa mbili: aliuza dawa za mifugo mjini, na alikuwa na begi. Ndani ya begi mlikuwa na bandeji, chupa ya maji baridi na mkebe wa dawa ya kupuliza ambayo aliipuliza popote palipouma, iwe goti, mgongo au roho.

"Hivi ni vidole vingapi?" akauliza.

"Viwili," akasema Walubengo.

Vilikuwa vitatu. Kuria akaona si mbali, akamnyanyua, mechi ikaendelea. Filimbi ya mwisho ilipolia na watu wakaanza kupeana mikono, Walubengo aliwauliza wenzake wangeanza kucheza saa ngapi. Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Kichekesho hicho kiliishi kibandani kwa Kageha kwa wiki kadhaa, kila mteja akikiongezea chumvi yake. Kageha peke yake ndiye ambaye hakukiona kichekesho kilipo.

Mara ya pili walicheza na wanafunzi wa chuo cha Kesses. Walubengo na mshambuliaji wao walirukia mpira mmoja, vichwa vikakutana, na sauti yake ikawafikia hata waliokuwa nje ya uwanja wakinunua njugu. Mwanafunzi alipelekwa kwa zahanati ya chuo, akaambiwa asiguse mpira mpaka muhula mwingine. Maili Nne walimhurumia sana. Hiyo ndiyo shida ya kusoma, walisema, inalainisha mifupa. Nyundo wao alimwagiwa maji, akapigiwa makofi, akacheza hadi mwisho.

Jioni hiyo aliweka chumvi kwenye chai badala ya sukari, akainywa yote, akaomba nyingine. Siku chache baadaye binti yao Brigid aliangusha kijiko, na baba ambaye hajawahi kupaza sauti hata kwa mbuzi akampigia kelele mpaka mtoto akajificha nyuma ya kabati. Baadaye Walubengo alikaa kitandani akilia, akiuliza nani alikuwa anapiga kelele vile.

Halafu likaja la mjengo. Alipewa chumba akijenge, akakijenga, mawe yamenyooka kama mstari wa rula, kazi safi kabisa. Ila hakuacha mlango. Alikuwa amesimama ndani, kuta zimemzunguka na kupita mabega yake, akishangaa apitie wapi kwenda kula. Mwenye nyumba alicheka kwanza. Alipomwangalia fundi usoni, akaacha kucheka, akatuma mtu kumwita Kageha.

Kageha alifunga kibanda, akamshika mumewe mkono kama anayemvusha mtu barabara, akampeleka kliniki. Daktari Ciru alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu. Alimpima macho, akamtembeza kwa mstari, akamtajia maneno machache na kumwomba ayarudie. Walubengo alirudia la kwanza na kuomba msamaha kwa yaliyobaki.

"Ubongo umetikiswa, na kabla haujatulia ukatikiswa tena," daktari akasema. "Kwa nje hakuna kidonda, ndiyo maana watu wanadhani hakuna ugonjwa. Apumzike. Hakuna mpira. Na hata akipona, kwa mtu aliyegongwa hivi tena na tena, mimi ningemwambia aache kabisa. Akigongwa tena kabla ya kupona, Mama, anaweza kufa pale pale."

Kageha alidhani maneno hayo yangetosha. Alikuwa amesahau kwamba fainali ya kombe, dhidi ya timu ya Kapseret, ilikuwa inakaribia.

Wajumbe walifika nyumbani Alhamisi: Kocha Thuo, mtu wa maneno mengi aliyekuwa na duka la mbao, pamoja na Daktari Kuria mwenyewe. Walileta sukari na mkate, kama wanaokwenda kwenye matanga. Labda walikuwa wametangulia tu.

"Mama Brigid," Thuo akaanza, "tumesikia mmeenda kwa daktari. Ni vizuri. Lakini hebu niulize tu, huyo daktari alicheza mpira wapi?"

"Hakucheza," Kageha akasema. "Ndiyo maana bado anakumbuka alichosomea."

Kuria akajikuna kidevu, akaleta sayansi. "Angalia fahali, Mama. Fahali wanapigana kwa vichwa tangu dunia iumbwe. Umeshaona fahali akipelekwa kupigwa picha ya kichwa?"

"Sijaona. Na wewe umeshaona fahali akijenga nyumba?"

Thuo aliona huko hakupitiki, akamgeukia mwenye kichwa. "Nyundo, mimi sikulazimishi. Timu ni yako. Watu ni wako. Kapseret wana mshambuliaji mrefu kama mti wa stima, na wewe unajua hatuna mwingine wa kumzuia. Lakini ukisema watu wote hawa walie, sisi tutalia, hakuna shida."

Hakuna kulazimishwa kukubwa kuliko huko. Wajumbe walipoondoka, Walubengo aliangalia mikono yake.

"Ni mechi moja, Mama Brigid. Kisha napumzika."

"Baba Brigid, umemsikia daktari kwa masikio yako."

"Nilimsikia." Alitafuta maneno kwa muda, kama mtu anayepapasa gizani. "Mjengoni wananiita 'wewe.' Wewe leta mawe, wewe shuka. Mtu akianguka kutoka ghorofani, wanauliza kama simiti imemwagika. Lakini pale uwanjani watu wanaimba jina langu. Nikiacha, mimi ni nani?"

Kageha alikuwa na hasira na Thuo, na Kuria, na Maili Nne nzima, lakini swali hilo halikuwa la kipumbavu, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Alisema tu, "Wewe ni baba ya Brigid." Na aliona usoni mwa mumewe kwamba lilikuwa jibu zuri, ila halikutosha.

Siku ya fainali uwanja wa shule ulijaa mpaka watu wakapanda ukuta. Kageha alikwenda na beseni la mandazi na chupa za chai, akakaa karibu na mstari. Hakuuza kitu. Kila mpira ulipopanda juu, alifumba macho.

Kipindi cha kwanza kikapita salama. Cha pili kilipoanza, mti wa stima wa Kapseret aliruka, Walubengo akaruka, na kiwiko kikamkuta Walubengo juu ya sikio. Safari hii hakuanguka mara moja. Alisimama kidogo kama anayewaza, kisha miguu ikamkunjika.

Kuria akafika na begi. Akampulizia dawa kwenye nywele.

Refa, mwalimu mmoja mwembamba aliyeitwa Kipngetich, aliinama. "Uko sawa?"

"Niko fiti," Walubengo akasema, macho yake yakiangalia ng'ombe waliokuwa nyuma ya shule.

"Amesema yuko fiti!" Thuo akapiga kelele kutoka benchi, akiwa na hofu kwamba sayansi ingeingilia kati tena.

Mechi ikaendelea. Walubengo alitembea polepole hadi golini kwao, akaanza kumkaba kipa wao wenyewe. Kipa akienda kushoto, yeye kushoto. Kipa akienda kulia, yeye kulia, mikono imetanuliwa. Mashabiki wakafurahi.

"Nyundo ana mbinu mpya!"

Kageha akaweka beseni chini. Alijifunga leso kiunoni, akauvuka mstari, akatembea katikati ya wanaume waliokuwa wakikimbia kana kwamba anapita shambani kwake, akafika mbele ya goli na kukaa chini kwenye nyasi, miguu ameinyoosha. Filimbi ikalia.

"Mama, tafadhali toka uwanjani," refa akasema.

"Nitatoka na bwana yangu, mwalimu."

Kelele zilizopanda hapo zilisikika hadi barabarani. "Mtoeni huyo mama!" "Amekosa heshima!" "Mwacheni mtu acheze!" Mzee mmoja kutoka ukutani alisema hizi ndizo siku za mwisho. Thuo alikuja mbio, jasho likimtoka, akawa anamwita Kageha majina ambayo Alhamisi hakuyaleta pamoja na ule mkate.

Ndipo Walubengo akasogea. Alimwacha kipa, akamjia yule mwanamke aliyekaa chini, akainama mbele yake kwa adabu zote alizofundishwa na mama yake.

"Pole, Mama," akasema. "Umepotea? Unatafuta nani?"

Waliokuwa karibu wakanyamaza. Kunyamaza kukawafikia wa nyuma, kukapanda hadi ukutani.

Kageha alimwinulia macho. "Natafuta Walubengo."

Walubengo aligeuka akaangalia uwanja mzima, akiwapitia wachezaji mmoja mmoja, kwa bidii ya mtu anayetaka kusaidia. Akatikisa kichwa.

"Huyo simwoni," akasema. "Lakini usilie, Mama. Tutamtafuta."

Kipngetich aliiondoa filimbi mdomoni. "Mechi haiendelei huyu akiwa ndani," akasema. Thuo aliangalia viatu vyake kwa muda wa kutosha kuonyesha huzuni, halafu akauliza kama Kombaini bado wangepewa ile faulo.

Pikapu iliyokuwa imeleta kabichi sokoni ndiyo iliyompeleka Walubengo hospitali. Njiani alitapika, akauliza wanakwenda wapi, akajibiwa, akauliza tena. Madaktari walimweka, wakamchunguza, wakamwambia Kageha asubiri. Alisubiri. Asubuhi, jua lilipokuwa limeshaingia wodini, Walubengo alifungua macho akamtazama.

"Mama Brigid, mbona hujafungua kibanda leo?"

Kageha, ambaye hakulia mbele ya mashabiki wote wale wakimtukana, aliinamisha kichwa kwenye blanketi la hospitali na kulia kama mtoto.

Kombaini walifungwa kwa penalti. Uchunguzi wa kina ulifanyika kwenye steji, na ukweli ukapatikana: kosa halikuwa la Isaiah, aliyeingia badala ya Walubengo na kuupiga mpira wa mwisho hadi kwenye mahindi ya jirani. Kosa lilikuwa la mwanamke aliyekaa chini. Wateja walimsusia Kageha, wakahamia kwa jirani yake kwa ajili ya msimamo. Msimamo huo ulidumu mpaka walipoonja mandazi ya jirani.

Walubengo naye hakumshukuru. Alimwambia waziwazi kwamba amemwaibisha mbele ya watu, na kwa muda mrefu walikula pamoja bila maneno. Kichwa kilipona polepole, na si chote. Hakupanda tena ghorofani. Msimamizi alimpa kazi ya chini, ya kuchonga mawe, chini ya kivuli cha mabati. Majina mengine yalikuwa yakimponyoka. Jumapili ilikuwa siku ngumu. Akisikia kelele kutoka uwanja wa shule, alisimama mlangoni akiwa ameshika mwimo, mpaka zikaisha.

Msimu mpya ulipokaribia, Kocha Thuo alikuja kibandani. Walubengo alikuwa amekaa pale akinywa chai ya saa nne. Thuo alikumbatia watu, akaagiza mandazi, akasifu jinsi Nyundo alivyonenepa.

"Mechi za kirafiki tu," akasema. "Hata usipige kichwa. Wewe simama tu pale nyuma, vijana wakuone."

Walubengo alimsikiliza mpaka mwisho. "Kocha, nikuulize kitu. Nilipokuwa nimelazwa, ulikuja kuniona?"

Thuo akaacha kutafuna. "Unajua siku zile, kulikuwa na mambo ya ligi..."

"Siulizi kwa ubaya," Walubengo akasema kwa upole wake ule ule. "Ni hiki kichwa tu. Vitu vingi vimenitoka. Nikadhani pengine ulikuja na mimi ndio nimesahau. Na Kuria, na wale wengine. Pengine mlijaa wodi."

Hakuna aliyecheka. Thuo aliinywa chai yake ingali moto, jambo ambalo si la mtu mwenye raha, akakumbuka kuna mteja anamsubiri kwenye mbao, akaondoka.

Kageha alikuja kufuta meza. Akaifuta palipokuwa pasafi.

"Baba Brigid, kweli hukumbuki nani alikuja?"

"Nakumbuka vizuri sana," Walubengo akasema, na kwa mara ya kwanza tangu ile fainali, akamvutia mkewe kiti akae.