Kenchi Zilizosubiri Barua

Fundi Ngassa hakuwa mwizi. Nalisema mapema, maana wapo wanaojifanya wamesahau. Miaka minne nyuma alikuwa akijenga kalavati huku Momba, nondo za milimita kumi na mbili zikaisha. Mhandisi akamwambia kwa simu, "Weka za kumi, barua ya ruhusa itakuja." Akaweka. Barua haikuja, kalavati likapasuka, mhandisi akahamishwa. Mzee wa watu akasimamishwa kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wakwe zake, akaulizwa nondo nene kaziuza wapi. Loo! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi akapewa kazi ya wodi ya wazazi kwenye zahanati ya kijijini kwake. Ramani ilitaka kenchi za paa za mbao za paini zilizotiwa dawa. Paini zikakosekana mpaka Tunduma, lori likaleta za mlingoti, yaani mkaratusi. Ngassa akaweka nyundo chini.

Mhandisi mpya, Wilbard, kijana mwenye adabu zake, akaja akazikagua. "Ni kavu, ni nzuri. Piga tu, Mzee. Nikifika ofisini nakuandikia."

"Ukishaandika, nitapiga."

"Mzee wangu, una shingo ngumu!"

"Ilishainamishwa mbele za watu mara moja, baba. Inatosha."

Kuta zikabaki bila paa. Kitanda cha kujifungulia kilikaa stoo ndani ya nailoni yake, na muuguzi Tabita akaendelea kuwaelekeza wajawazito kituo cha afya, ng'ambo ya mto. Mmoja wao alikuwa Kabula, binti wa pekee wa Ngassa, mimba yake ya kwanza. Kila akimletea baba yake uji alimtania, "Baba, mtoto hasubiri mhuri."

"Huyu atasubiri. Ni mjukuu wangu."

Wakawa wanacheka.

Mvua ikawahi, mto ukajaa. Uchungu ulimshika Kabula Jumanne asubuhi. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe, Tabita pembeni yake, na walipofika ukingoni maji yalikuwa yameshameza daraja. Alijifungulia hapo hapo chini ya turubai, mchana kweupe. Mtoto akalia. Damu ya mama haikukata, na dawa alizobeba Tabita hazikutosha. Ngassa alimshika binti yake mkono mpaka ukapoa. Saa kumi maji yakapungua, na hapakuwa tena na haja ya kuvuka.

Msibani kila aliyemwambia pole alijibiwa neno moja: "Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole." Tukadhani ni uchungu tu unasema.

Siku ya tano Wilbard akafika na pikipiki, matope mpaka kifuani, bahasha mkononi. Akampa Ngassa. Ngassa akaisoma barua mbele yetu: mbao za mlingoti zimekubaliwa. Sahihi, mhuri, tarehe. Tarehe ilikuwa ya wiki mbili kabla ya Jumanne ile.

"Ililala mapokezi, Mzee, gari la kuja huku hakuna," Wilbard akasema. "Lakini nilikupigia siku ile ile. Nilikwambia imeshasainiwa."

"Ulinipigia," Ngassa akajibu. "Nikakwambia mpaka niishike mkononi."

Akaikunja, akaitia mfuko wa shati, akachukua nyundo yake akaenda saiti. Paa zima lilimchukua siku nne tu. Alipiga misumari huku analia, wala hakujificha.