Ukuta wa Katikati ya Jiko

Kwetu Singida, jiko la nje ni mafiga matatu na uwanja. Huku Tukuyu, nilikoolewa, mvua hainyeshi kwa msimu, inanyesha inapotaka, kwa hiyo ukisema unataka jiko la nje, unaanza na paa. Mimi na mume wangu tulikuwa tumeshakubaliana: banda nyuma ya nyumba, matofali ya kuchoma, bati, jiko la kuni lenye bomba la moshi, sinki, na meza ya zege iliyowekwa vigae. Vigae nilivitaka mimi. Fundi wa Kiwira alikuja, akapima, akatutajia bei. Pesa tulikuwa nazo, ila hakikubaki cha ziada.

Kabla msingi haujachimbwa, mama mkwe alifariki, na baba mkwe akaletwa kwetu kutoka Masukulu. Ni Mnyakyusa wa zamani. Kwa mila yao, mkwe wa kike na baba wa mumewe hawaonani uso kwa uso, hawazungumzi, hawakai chumba kimoja. Wengi mjini wameiacha. Yeye hakuiacha, na mimi tangu niolewe nilikuwa nimeiheshimu kwa urahisi, kwa sababu tuliishi mbali.

Ndani ya nyumba yetu urahisi huo haukuwepo. Jikoni na sebuleni panatazamana. Nikiingia kupika, yeye anatoka. Jioni moja nilikuwa nasonga ugali, nikamwona dirishani amesimama chini ya upenu, karibu na tangi la maji, koti limelowa mabegani. Alikuwa anasubiri nimalize.

Usiku ule nilimwambia mume wangu, "Tuache vigae na sinki. Tujenge ukuta."

"Ukuta wa wapi?"

"Katikati ya jiko. Mimi upande huu, baba upande ule, moto uwe katikati. Ajipatie joto."

"Fundi atatucheka."

Fundi hakucheka, ila aliuliza mara mbili kama ndivyo tunavyotaka. Baba mkwe alipoelezwa, alituma swali moja kupitia mwanawe: ukuta utakuwa na kimo gani? Wakaketi wote wawili kwenye vigoda uwanjani, mume wangu akiwa badala yangu, fundi akapima mpaka vichwa visionekane, kisha akaongeza matofali mawili juu. Milango iliwekwa pande tofauti. Tundu la moto lilikuwa langu. Mgongo wa jiko, unaopata moto taratibu na kukaa nao muda mrefu, ulikuwa wake.

Mzee alihamia pale, ndani akawa anaingia kulala tu. Alfajiri nilimsikia akikohoa, akivuta kigoda. Chakula chake watoto walizunguka nacho. Tulikaa hivyo wiki kadhaa, watu wawili chini ya bati moja, kila mmoja akijua mwenzake yupo.

Siku moja watoto walikuwa shule, mume wangu kazini. Nilikuwa nimeinjika maharage, nikatoka kuanua nguo kwa sababu wingu lilikuwa limeshuka. Niliporudi na furushi mikononi, sauti ilitoka ng'ambo ya ukuta.

"Wewe paka," ilisema, "mwambie mwenye jiko maharage yanaungua."

Paka alikuwa amelala upande wangu. Niliteremsha sufuria, nikaongeza maji. Nilifikiri kidogo, kisha nikasema, "Paka, mwambie baba ndaga." Ndiyo asante yao.

Kesho yake paka alitumwa kuuliza kama kuni zile ni za mkaratusi, maana zinatoa moshi mwingi. Baada ya hapo alitumwa mara nyingi. Mume wangu alisikia, akaniuliza kama mila imevunjika. Nilimwambia akamuulize baba yake. Hakumuuliza.

Msimu wa baridi ulipofika, mzee alitaka kujua kwetu kukoje, na kama migomba inastawi. Nilimweleza paka kwamba mvua ni chache, tunalima mtama na alizeti, migomba hakuna.

Nilimsikia akivuta kigoda karibu na ukuta.

"Pole sana, mwanangu," alisema.

Paka hakuwepo.