Shikamoo Kwenye Ukungu

Mimi na mlima hatupatani, na nilishasema. Lakini mama mkwe wangu, mzaliwa wa kule juu Mbulu, alisikia kwamba mlimani Kwaraa kuna bustani ya mimea ya baridi. Hapakukalika tena nyumbani Nangara: nipelekeni nikaone maua ya kwetu. Mume wangu akapata safari ya ghafla. Wanaume bwana! Nikapanda na Mama mimi.

Bustani ilikuwa nzuri, sikatai. Kulikuwa na maua meupe makavu kama karatasi, na majani yenye manyoya ambayo Mama aliyapapasa huku akicheka peke yake. Mzee mtunza bustani alituonya tusiachane, maana nyati hushuka kunywa kwenye tangi la kumwagilia. Mama akasema nyati anawajua tangu utoto, akajifunika blanketi lake jeusi, akatangulia. Ukungu ukashuka hapo hapo, nikawa sioni hata viatu vyangu.

Niliogopa, jamani. Nikasonga kidogo kidogo, mara mbele yangu nikaona kitu cheusi kimesimama, kipana, kimetulia. Nikashukuru Mungu: Mama huyo, na blanketi lake.

"Shikamoo, mama!"

Kimya. Mama mkwe wangu haachi shikamoo ipite. Hata tukiwa tumenuniana, huitikia kabla sijamaliza. Kile kitu kikapumua. Harufu ya zizi ikanifikia.

"Marahaba!" Sauti ya Mama hiyo, lakini inatokea upande wa pili wa kile kitu. "Uko wapi, mwanangu? Nakuja!"

Pembe zikageuka kumwelekea. Mungu wangu! Nikimwita, ataitika. Nikimsalimia tena, ataitikia. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Nyamaza wewe! Nyamaza, kaa hapo hapo!"

Mkwe haambiwi hivyo. Akanyamaza. Nyati akanigeukia mimi. Nikafumba macho, nikawaza wanangu tu. Yule mzee, aliyesikia kelele zangu, akaanza kupiga debe kwa fujo, na nyati akakimbilia msituni akivunja vichaka.

Nilimkuta Mama ameketi nyuma ya jiwe, ua mkononi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Alishika upindo wa kitenge changu, tukashuka hivyo mlima mzima. Hata ndani ya bajaji hakuuachia. Nikajua nimeharibu, nitasemwa na ukoo mzima.

Tulipofika mlangoni kwetu akauachia, ukiwa umelowa jasho la mkono wake.

"Marahaba, mwanangu," akasema.