Kibao cha Futi

Stesheni ya kwetu, mji mdogo wa tambarare, ina kibao cha saruji chenye jina la mji na, chini yake, kimo chake juu ya usawa wa bahari kwa futi. Hatukuwa na makumbusho wala sanamu. Historia yetu yote ilikuwa kibao kile. Baba, aliyefanya kazi ya kubadilisha njia za treni hadi akastaafu, alitukaririsha futi za kila stesheni kabla hatujajua kufunga viatu.

Aliniombea kazi ya kukata tiketi palepale. Nikamkatalia, nikapanda ndege kwenda Dubai kulinda mlango wa duka. Tangu siku hiyo hakutaka kuzungumza nami. Kila nikipiga simu Mama alisema, "Babako yuko nje na mbuzi." Mbuzi gani hao wasiorudi zizini! Iliniuma sana, na dawa yake sikuijua.

Basi metro ilipofunguliwa, nilirukaruka kama mtoto siku ya sikukuu. Treni! Baba angekataaje kusikia habari za treni mpya? Ijumaa alasiri nikamburuta mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kizanzibari niliyepanga naye mtaa wa Al Baraha, hadi stesheni moja ya Deira iliyo chini ya ardhi. Watu walifurika, kila mmoja anapiga picha. Jina la stesheni nikaliona, kwa Kiarabu na Kiingereza. Chini yake, patupu. Nikazunguka nguzo, nikachungulia hata nyuma ya mashine za tiketi.

"Watafuta nini, shoga yangu?" akaniuliza.

"Futi."

"Futi za nini?"

"Za kimo! Stesheni lazima iandikwe kimo chake."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyie watu wa bara! Bahari hiyo hapo juu, na sie tumo ardhini. Hizo futi si zitakuwa za kuteremka? Yalla, treni hiyo!"

Tukapanda. Haikuwa na dereva! Ilipochomoza kutoka ardhini na kupanda juu ya barabara, magari yote yakiwa chini yetu, nilipiga ukelele bila haya. Nikatoa simu palepale.

"Mama, mwambie Baba nimo ndani ya treni inayojiendesha yenyewe."

Nikasikia kikohozi ninachokijua.

"Stesheni yao ina futi ngapi?"

Hata salamu hakuingoja. Nilishika simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba. Hawakuandika."

"Marahaba. Hawakuandika?" Akawaka moto. "Stesheni gani hiyo! Mtu akishuka atajuaje yuko wapi?" Akawasema mainjinia wa watu, akawasema na mabosi wao, nami nacheka huku machozi yananitoka. Sijawahi kufurahia ukali wa mtu namna ile.

"Na kibao chetu, Baba, bado kipo?" Treni za abiria zilikuwa zimeacha kusimama kwetu muda mfupi baada ya mimi kuondoka.

"Kipo. Unadhani huwa niko nje nafanya nini? Nakipaka rangi."

"Mbona? Nani anashuka hapo siku hizi?"

"Kuna mmoja hajarudi bado," akasema, akampa Mama simu.