Siku Niliyofuta Hisabati kwa Mkono Wangu

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni kidogo, maana hasira bado ninayo, na hasira yenyewe sijui nimgawie nani: nusu ni ya watu wa distrikti, yaani ofisi ya elimu ya wilaya, na nusu ni yangu mwenyewe, niliyeaibika mbele ya ukumbi mzima wa wazazi kiasi kwamba kwa muda mrefu nilikuwa nazungukia barabara ya nyuma nikienda kazini, nisipite kwenye geti la shule.

Mnanijua, mimi ni mtu wa Iringa, nimeolewa na Msauzi, tunakaa huku kwao, mtaa wa Observatory, na saluni yangu iko mtaa wa Yeoville. Tuna binti mmoja, Nomsa, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza (nimeshachoka kugombana naye). Huyu mtoto anapenda hesabu kupita kiasi, yaani tukipita Braamfontein lazima tusimame tuliangalie lile daraja la nyaya linalovuka reli, anieleze kila waya unabeba uzito gani, na mimi naitikia tu kama mtu wa kanisani. Anataka kuwa mhandisi. Na uhandisi bila hisabati hauingii.

Sasa hapa, mtoto akifika gredi ya kumi anachukua moja kati ya mbili: hisabati kamili, au ile wanayoiita Maths Lit, hesabu za kukuwezesha kusoma bili ya umeme na kupima zulia la sebuleni. Si somo baya, sijasema ni baya, lakini ukishaingia huko, uhandisi, udaktari, ufamasia, vyote umeviaga. Mwaka ule Nomsa alikuwa gredi ya tisa. Mwalimu wa hisabati wa shule yao alikuwa ameondoka, hakuletwa mwingine, watoto wakaanza kufeli (wangefaulu vipi, wanafundishwa na ubao mtupu?), na badala ya kuleta mwalimu, tukaanza kusikia kwamba distrikti inataka shule ibaki na Maths Lit peke yake kuanzia mwaka unaofuata, ili matokeo yapendeze. Halafu ikaja meseji kwenye grupu la wazazi: Jumamosi asubuhi kuna mkutano, afisa wa mitaala kutoka distrikti atakuja kutushirikisha.

Kutushirikisha. Neno hilo nikilisikia siku hizi naumwa kichwa.

Basi nikajipa uongozi. Hakuna aliyenichagua, nilijichagua mwenyewe nikiwa nasuka nywele za mtu. Niliwakusanya kina mama wetu wote wenye watoto pale, Wakongo, Watanzania, na Warundi wachache, nikawaambia tukienda mmoja mmoja hatutasikilizwa, twende pamoja, tukae mbele, tuonekane. Maman Furaha, yule fundi cherehani kutoka Bukavu mnayemjua, akasema kama ni kuonekana basi tuvae kitenge kimoja, na akatushonea kweli, kitenge cha njano chenye ndege wekundu, kitu ambacho ukikivaa hata rubani anakuona. Tulipendeza, siwezi kusema uongo. Tulipoingia ukumbini watu waligeuka.

Na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Kabla ya mkutano kuanza tulikuwa tumesimama kwenye meza ya chai, na Maman Furaha akaniuliza watafanyaje, maana wengi wao Kiingereza cha mikutano hakiwaingii. Ningeweza kukaa nao nikawaeleza kinachopendekezwa ni nini, tunakipinga kwa sababu gani, na wakiulizwa hivi wajibu vile. Lakini nilikuwa na haraka, na (acha niseme ukweli) nilikuwa napenda nilivyokuwa najisikia siku ile, kama jenerali. Kwa hiyo nikawaambia kwa sauti, kwa Kiswahili, wote wasikie: "Msihangaike na maneno. Nitazameni mimi. Nikiinua mkono, inueni. Nikishusha, shusheni."

Pembeni yetu alikuwa amesimama mwanamume mwenye tai ya bluu, anakoroga chai yake taratibu. Akanitabasamia. Nikamtabasamia. Kumbe ndiye Bwana Khumalo, afisa mwenyewe wa mitaala.

Mkutano ukaanza. Bwana Khumalo akaongea muda mrefu, na picha zake ukutani, mishale inapanda, mishale inashuka, mara mtaala, mara ufaulu, mara "njia zinazowafaa wanafunzi", na katika maneno yote hayo hakuna mahali aliposema mwalimu wa hisabati yuko wapi. Akasimama mama mmoja wa Kisotho, nesi mstaafu, Mama Mokoena, mjukuu wake yuko darasa moja na Nomsa. Yule mama alisema vizuri mpaka nikatamani maneno yake yawe yangu. Aliwaambia kwamba watoto wa Sandton, kwa matajiri, hakuna anayewaondolea hisabati, wanaongezewa walimu, kwa nini wa huku wapunguziwe somo? Watu wakapiga makofi. Niliona kabisa ukumbi uko upande wetu.

Ningetulia tu. Lakini jenerali hatulii, na mimi nilikuwa na swali langu, la yule mwalimu aliyeondoka, kwa hiyo nikainua mkono kuomba kipaza sauti. Mwalimu mkuu, ndiye aliyekuwa nacho, akampa mtu mwingine. Nikaubakiza mkono juu. Akampa mwingine tena. Mkono juu. Mkono ulianza kuuma, nikaushikilia kiwikoni kwa mkono wa pili, na nyuma yangu sikuangalia, kwa nini niangalie? Nilikuwa nimemkazia macho mwalimu mkuu, nimeshakasirika kwamba ananiruka makusudi, hata yule Bwana Khumalo aliposimama tena akasema kitu haraka haraka, nusu Kiingereza nusu Kizulu, sikukisikiliza.

Alikuwa amesema wanaokubali pendekezo wanyooshe mikono.

Nilichokisikia ni ukumbi kunyamaza. Nikageuka. Safu zote za njano, kila kitenge, kila ndege mwekundu, mikono juu, imenyooka, Maman Furaha ameinua miwili. Na msaidizi wa Bwana Khumalo anapita katikati ya viti akituhesabu kwa kalamu.

Nikashusha mkono. Na wao, watiifu, wakashusha. Wameshahesabiwa. Akaita wanaopinga, nikarusha mkono juu, vitenge navyo vikaruka juu, na mwalimu mkuu akasema kwa upole, kama anaongea na watoto wa chekechea, kwamba mtu hapigi kura mara mbili. Watu wakaanza kucheka, halafu wakaacha kucheka, maana waliona hesabu imetoka vipi: waliopinga walikuwa wengi, lakini sisi pamoja na wale wachache waliokubali tumewazidi. Sisi ndio tuliopitisha.

Mama Mokoena akageuka akanitazama. Hakupiga kelele. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba mmekuja hapa na sare zenu kuwauzia watoto wetu masomo yao. Na nyuma yake kuna watu wakaitikia, na wengine wakaongeza yao kuhusu wageni, ambayo sitayarudia. Jamani, nimeishi nchi hii miaka mingi, mtoto wangu amezaliwa hapa, lakini hilo "mmekuja" lilinichoma.

Ndipo nikaenda mbele nikamnyang'anya mwalimu mkuu kipaza sauti. Nilianza kwa Kiingereza, nikasema kura ile si halali, nilikuwa naomba kuuliza swali, lakini hasira ikikupanda lugha ya watu inakukimbia, nikajikuta niko kwenye Kiswahili, nimemgeukia Bwana Khumalo, namwambia kila nilichonacho tumboni: kwamba ni mwongo, amekuja na jibu mfukoni, tai nzuri kichwani hamna kitu, na kwamba mama aliyemzaa angekuwepo leo angeinama chini kwa aibu. Wasauzi hawakuelewa. Wetu walielewa wakaanza kushangilia.

Bwana Khumalo akavua miwani. Akanijibu kwa Kiswahili, Kiswahili safi cha bara, kama mtu niliyesoma naye.

"Dada yangu, mimi nimezaliwa Morogoro. Wazazi wangu walikuwa uhamishoni kule enzi za ubaguzi wa rangi. Kila ulichosema leo nimekielewa, tangu pale kwenye chai."

Safu zetu za njano zikaacha kushangilia.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ulinisikia nikiwaambia wafuate mkono wangu?"

"Nilikusikia."

"Ukaona mkono wangu uko juu, ndipo ukaitisha kura."

"Mkono ni wako, dada," akasema. "Sikuuinua mimi."

Nilitaka kumrushia kile kipaza sauti. Sikumrushia, nilikiweka mezani polepole, kikapiga ule mlio wake wa kutoboa masikio, na mwalimu mkuu akatangaza kwamba ukumbi unahitajika na watu wa kanisa, mkutano umekwisha, kura imeandikwa. Kwisha.

Nje nikamalizia hasira kwa Maman Furaha, ambaye hakunikosea chochote. Nikamwambia hata kama hujui Kiingereza, macho si unayo, hukuona hali ya ukumbi? Akaniacha nimalize, akasema, "Weye ndiye ulisema tufuate mukono yako, Mama Nomsa. Sasa unatukasirikia nini?" Akaondoka na wenzake. Na kweli, alichosema ndicho kilichotokea.

Video ilifika nyumbani kabla yangu, mtu alikuwa amerekodi. Nomsa alikuwa amekaa jikoni na simu. Hakulia, heri angelia. Aliniuliza, kwa Kiingereza chake, kama ni kweli nimekubali. Nikaanza kumweleza habari za kipaza sauti na kiwiko, na nilivyoendelea kueleza ndivyo nilivyojisikia mjinga zaidi. Akasema sawa, Mama, akaingia chumbani. Baba yake aliporudi kutoka zamu (anaendesha mabasi ya jiji) aliiangalia ile video mpaka mwisho, akasema "eish", basi.

Jumatatu nikafunga saluni, nikaenda kwa Maman Furaha kuomba radhi, akaniitikia huku pini ziko mdomoni, halafu akavaa viatu akanisindikiza mpaka ofisi za distrikti mjini. Tulikaa sana. Tulirushwa kutoka dirisha hili hadi lile. Mwishowe tukampata binti mmoja wa idara ya mitaala, mpole kabisa, nikamweleza kosa la kura, nikamwomba irudiwe. Akanitazama kwa huruma. Akasema, Mama, msijisumbue na kura, kura haibadilishi kitu. Nafasi ya mwalimu wa hisabati iliondolewa muhula uliopita, na vitabu vya mwaka ujao vimeshaagizwa. Mkutano ulikuwa wa kuwajulisha tu.

Nilimwomba arudie, akarudia, na Maman Furaha akaniuliza anasema nini, nikashindwa kumtafsiria. Mnaelewa? Kumbe hata tungeinua mikono mia kupinga, jibu lilikuwa lile lile. Nimetukanwa, nimegombanisha watu wa mtaa mmoja, mtoto wangu ameniangalia kama msaliti, kwa kura ya maonyesho. Walichotaka ni picha ya wazazi wamenyoosha mikono, waandike kwamba tumeshirikishwa, na sisi tukawapelekea picha hiyo na kitenge cha kufanana juu yake. Na yule mtu wa Morogoro alijua.

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Mokoena. Alizungumza nami geti likiwa limefungwa. Nilimwomba msamaha kwanza, kisha nikamwambia niliyoyasikia distrikti. Akauliza kama nina uhakika, nikasema nina uhakika. Akafungua geti.

Tulirudi distrikti tukiwa wengi, wa kila lugha, safari hii kila mtu anasema la kwake kwa mdomo wake, na anayehitaji kutafsiriwa anatafsiriwa polepole mpaka aelewe. Tulirudi tena na tena, mpaka walinzi wakatuzoea. Hisabati haikurudi shuleni. Tulichopata ni kwamba watoto wanaoitaka wanakwenda mchana kwenye shule jirani, wanakaa nyuma ya darasa la wenzao, na mwalimu asipotokea hakuna wa kumuuliza. Nomsa anakwenda. Anapanda kilima cha kwenda huko kwa miguu, anarudi amechoka, anakula huku anaandika. Ananisalimia vizuri tu, lakini habari za daraja hanielezi tena.

Nimeapa kwamba sitawaongoza watu katika jambo ambalo sijawaeleza likaeleweka, na sitanyoosha mkono ukumbini kabla sijajua nanyooshea nini. Juzi tuliitwa tena, afisa mwingine, mama mmoja mwenye sauti laini, amekuja kutushirikisha kuhusu kusitisha masomo ya Jumamosi. Kabla hajawasha picha zake nikasimama, na Kiingereza changu hiki hiki kibovu, nikamuuliza kama jambo hilo wameshaliamua au wanatuuliza kweli. Akasema maswali ni mwishoni. Nikauliza tena, nikiwa nimesimama vile vile. Akaanza kupanga karatasi zake upya, na Mama Mokoena, aliyekuwa amekaa kando yangu, akachukua mkoba wake akasimama, na viti nyuma yetu vikaanza kusogezwa, watu nao wakiinuka kutoka.